Kaa na Thaburi

Owiti fundi wa viti hakuwa mtu wa kurudia maneno. Alimwambia Nthambi haja yake mara moja tu, miaka miwili iliyopita, akajibiwa hapana, akarudi kupiga randa bila kununa. Kwa hiyo Jumatatu ile alipovuka mtaro na kusimama mbele ya kibanda cha Nthambi pale Kayole, Nairobi, unga wa mbao bado umemganda kwenye nyusi, Nthambi alijua limemfika jambo. Owiti akasema kaka yake amempatia karakana Kisumu, na mwisho wa mwezi anahama. Angependa kuhama na mke. Kama jibu lake ni lile la zamani, basi aambiwe Jumapili baada ya ibada, naye hatauliza tena.

Nthambi aliendelea kusukuma mkono wa mashine ya kufuma, kushoto, kulia, mpaka uzi ukaruka sindano na ikabidi afumue mistari mitano ya sweta la watu. Si kwamba hakumpenda Owiti. Alimpenda, na mtaa mzima ulijua kabla yeye mwenyewe hajajua, kama ilivyo kawaida ya mtaa. Alimpenda kwa jinsi alivyoimba besi kanisani macho yamefumbwa, na kwa kile kiti chenye mgongo alichomtengenezea bila kuombwa, akaja akakiweka nyuma ya mashine na kuondoka. Lakini Nthambi alikuwa mke wa mtu, na juu ya hilo alikuwa ameachiwa neno na marehemu. Neno la aliye hai unaweza kubishana nalo. La marehemu utalirudisha kwa nani?

Nthambi ni Mkamba wa Kangundo. Mume wake, Wanyoike, alikuwa Mkikuyu wa Murang'a, fundi wa kuchomelea vyuma Gikomba. Walipooana, kwao Nthambi walinung'unika, kwao Wanyoike walinung'unika, na aliyenung'unika kuliko wote alikuwa mama yake Wanyoike. Mama huyo alikuwa hajamaliza kunung'unika mtoto wa kwanza alipozaliwa, msichana, akapewa jina la bibi yake, Waithera, kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka. Manung'uniko yakaisha siku hiyo hiyo. Tangu hapo mtoto akawa Thera, Nthambi akawa Mama Thera, na bibi akawa Shosho wa ploti nzima, hata kwa wapangaji wasiojua ametokea wapi.

Mwaka 2013 Wanyoike alipata kazi ya kuchomelea matangi Sudan Kusini. Alipiga simu kila Jumapili. Kisha mwisho wa mwaka ule vita vikazuka huko, na Jumapili moja simu haikuja. Nthambi akapiga yeye. Yule mwanamke wa kwenye simu akamwambia mteja hapatikani kwa sasa, akaendelea kumwambia hivyo kwa sauti ile ile tamu mwezi baada ya mwezi, mpaka Nthambi akamchukia kama mke mwenza.

Ndipo Shosho akafunga virago akahamia Kayole, ili kama ni kungoja wangoje pamoja. Kila alfajiri, kabla jiko halijawashwa, wanawake hao wawili walipiga magoti kando ya kitanda. Nthambi aliomba kwa Kiswahili, Shosho kwa Kikikuyu. Mkamba na Mkikuyu, kila mmoja huamini kimoyomoyo kwamba lugha ya mwenzake ni ile yake iliyoharibika, kwa hiyo nyumbani mle Kiswahili ndicho kilichokuwa mwamuzi. Nthambi alisema, Bwana, mrudishe Wanyoike. Shosho akaitikia, Ameni. Ilikuwa hivyo miaka nenda, miaka rudi.

Na usidhani ilikuwa miaka ya kulala. Vibanda vya kando ya barabara vilibomolewa mara mbili, na mara ya pili mashine ya kufuma ilipinda mgongo. Thera alishikwa na homa ya matumbo, akakonda hadi pete aliyovaa shule ya awali ikamtoshea tena. Watu wakasema, tena kwa sauti, kwamba Wanyoike ana mke mwingine huko na watoto wanene. Nthambi alijibu yote kwa Biblia. Mtu wake alikuwa Ayubu, na andiko lake lilikuwa lile la Paulo kwa Warumi, kwamba dhiki huleta saburi. Alikuwa ameliandika kwa kalamu nyekundu na kulibandika juu ya mashine. Mteja akilalamika kwamba sweta limechelewa, Nthambi alimwonyesha kwa kidole.

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, wakati wa ushuhuda, alisimama kanisani na kusema maneno yale yale: Bwana asifiwe, Mungu ametulinda, naomba mumkumbuke mume wangu arudi. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanaweza kuyakariri.

Sasa, jambo moja kuhusu Shosho, na ndilo lililoleta haya yote. Herufi s na z hazikuwahi kukubali kupita kinywani mwake zikiwa nzima. Saa ilikuwa thaa. Sabuni ilikuwa thabuni. Thera akimcheka, Shosho alimuuliza kama hiyo s ndiyo itakayompeleka mbinguni. Nthambi alikuwa na kanuni yake: Shosho akisema th, wewe weka s, utaelewa. Kanuni hiyo ilimfaa jikoni, hospitalini na sokoni. Alichosahau ni kwamba z nayo hupita mlango huo huo.

Shosho aliugua mwaka 2021, wakati ule wa barakoa, ambapo mgonjwa aliruhusiwa mtu mmoja tu na dakika chache za mchana. Nthambi alimkuta amekaa kitako, anapumua kwa shida, anamngoja. Akamshika mkono kwa nguvu ambayo hakutarajia kuikuta kwa mtu wa umri ule. Akamwambia kupitia ile barakoa, "Mama Thera, kaa na thaburi. Utaona."

"Nimesikia, Mama," akasema Nthambi.

"Umethikia?"

"Nimesikia. Nitakaa nayo."

Shosho akalala chali akafumba macho, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetua mtungi. Akafa siku ya pili yake. Nthambi akatoka na lile neno: kaa na saburi, utaona. Kwake maana ilikuwa wazi kama mchana. Mngoje mwanangu. Atarudi, utamwona.

Akangoja miaka mitatu zaidi. Wenye kumtakia mema walimwambia subira huvuta heri. Wenye kumtakia mema zaidi walimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Owiti alipokuja mara ya kwanza, Nthambi alimweleza kwamba ameambiwa na mama akae na saburi, na Owiti, kwa kuwa ni Mkristo na kwa kuwa ni mtu mwenye haya, akaona hawezi kushindana na mama mkwe aliyelala kaburini.

Basi Jumatatu ile Owiti aliuliza, na Alhamisi yake shemeji Githinji akatokea.

Githinji ni mdogo wake Wanyoike. Ni mtu mwema. Kama umewahi kuona mtu mwema anayekimbia machozi kuliko anavyokimbia moto, ndiye huyo. Msibani huwa wa kwanza kwenda kuangalia kama sufuria za wapishi zinatosha. Alikuwa ametoka Murang'a asubuhi, akakataa chai, akakubali chai, akakaa kwenye kiti cha Owiti, akamwambia Nthambi kwamba wanabomoa nyumba ya zamani ya mama wajenge ya mawe. Kwenye msumari nyuma ya mlango wamekuta mkoba wake wa hospitali, ule uliosafiri na jeneza, na ndani yake kitu. Akatoa kifurushi cha gazeti.

"Shem, nimekuletea Thaburi yako."

"Saburi yangu?" Nthambi akacheka kidogo. "Hiyo ninayo ya kutosha."

"Thaburi," akasema Githinji, na kufungua gazeti. "Kitabu cha Mama. Kwani hakukuambia ukae nayo?"

Kilikuwa kile kitabu kidogo cheusi kisicho na jalada, ambacho Shosho alikuwa akilala nacho chini ya mto. Nthambi alikuwa akikiona kila siku na hakuwahi kukifungua. Kitabu cha mtu ni cha mtu, tena cha Kikikuyu. Siku zote alidhani ni cha nyimbo. Sasa akaona ukurasa wa kwanza, na neno juu yake kwa herufi kubwa: Thaburi. Hata asiyejua lugha hiyo angetambua zile sura mia na hamsini. Ni Zaburi.

Aliliangalia neno lile. Akalisoma kwa s, akalisoma kwa z. Akafunua mpaka mwisho, kwenye ule ukurasa mtupu ambapo watu wa zamani walikuwa wakiandika kuzaliwa na kufa kwa watu wao. Mwandiko ulikuwa wa Shosho, kwa penseli, herufi zimelala upande. Watoto sita. Wawili waliokufa wadogo walikuwa na msalaba na mwaka. Na chini yao, Wanyoike, 1971. Msalaba. 2014.

Githinji alikuwa akipuliza chai. Alipoinua macho na kuuona uso wa shemeji yake, akaiweka chini.

"Shem," akasema polepole. "Mama hakukuambia?"

Maneno yakatoka kwake kidogo kidogo, huku akitazama mtaro. Krismasi ya mwaka 2014 Shosho alikuwa amekwenda nyumbani Murang'a kusalimia. Akaja mtu aliyefanya kazi na Wanyoike. Alisema Wanyoike alishikwa na homa mwezi wa nne, njiani, wakikimbia mapigano, na wakamzika huko huko kando ya barabara. Shosho akamwapisha Githinji kwa Biblia kwamba atanyamaza. Mkamba huyu akijua ni mjane, alisema, atarudi kwao na mtoto atakwenda naye, na mimi nitakuwa nimezika wote siku moja. Nitamwambia mwenyewe, nikipata nguvu. Nguvu hizo hakuzipata mpaka siku ile ya wodini. Jioni yake alimpigia Githinji na kumwambia, nimemwambia akae na Thaburi, ataona mle, sasa nimepumzika. Na Githinji akaamini. Kwenye mazishi aliposikia Nthambi akisema Wanyoike akirudi atakuta mama hayupo, alidhani ni uchungu tu umemshika kichwa, akaenda kuangalia sufuria. Miaka mitatu! Mtu mzima, baba wa watoto, asiulize hata mara moja.

Aliomba msamaha. Nthambi alimwambia anywe chai yake.

Alipoondoka, Nthambi alirudi kwenye mashine na kufuma mpaka jioni. Jirani yake Nyawira, anayeuza nguo za watoto kibanda cha pili, ndiye aliyekuja kumwuliza ni shule gani hiyo yenye sweta za rangi mbili. Nthambi akatazama. Alikuwa ameanza kwa kijani na kumalizia kwa bluu, na hakukumbuka kubadilisha uzi.

Nyumbani alimwambia Thera. Msichana ana miaka ishirini na miwili sasa, anasomea uuguzi, na baba yake anamkumbuka zaidi kwa harufu ya vyuma. Alilia haraka na kwa sauti, kama vijana wanavyolia, halafu hasira ikashika zamu.

"Mathe, kwani shosho alikuwa anatubeba ufala miaka yote hiyo?"

Nthambi alimkemea, hivyo sivyo mtu huongea juu ya marehemu, kwamba aliwafanya wajinga. Halafu akakaa kitandani na kuona kwamba hana neno bora kuliko hilo.

Ijumaa alfajiri alipiga magoti kwa mazoea. Akafungua kinywa, na sala pekee aliyokuwa nayo ilikuwa, Bwana, mrudishe. Akafunga kinywa. Akabaki pale sakafuni, magoti yakipoa. Miaka sita walipiga magoti hapa. Yeye aliomba mtu arudi, na aliyepiga magoti kando yake alijua kwamba mtu huyo yuko chini ya udongo, na bado aliitikia Ameni. Aliitikia nini? Alimwomba Mungu nini kwa lugha yake, dakika ile ile? Na Mungu, aliyesikia sala mbili zinazokanushana kutoka kitanda kimoja, alifanya nini? Alinyamaza. Angalau angemdokeza. Waota ndoto wa kwenye Biblia, Yusufu yule, Danieli, walipewa. Yeye hakupewa hata kikohozi.

Na ile saburi? Hapo ndipo akili ilipomgoma kabisa. Kama aliyoishika miaka mitatu haikuwa saburi ila sikio bovu, basi ile dhiki ilileta nini? Alimkataa mtu mwema kwa ajili ya herufi moja. Lakini hakumkataa kwa ubaya; alimtii mama. Sasa utii uliofuata neno ambalo halikusemwa, mbinguni unaandikwa wapi? Aliwaza hivyo mpaka maji ya chai yakakauka kwenye jiko. Mchana alimchukia Shosho. Jioni alimkumbuka akimchambulia mboga na machozi yakamlenga. Kabla hajalala alimchukia tena.

Jumamosi hakufungua kibanda. Alikaa na vitabu viwili mapajani, Biblia yake ya Kiswahili na kile cheusi. Kikikuyu hakukisoma, lakini namba ni namba. Akafunua cha Shosho akitafuta kurasa zilizochakaa. Nyingi zilikuwa safi. Moja ilikuwa imekuwa kahawia, pembe imekatika, ina alama za kidole na doa la mafuta. Zaburi ya thelathini na mbili. Akaitafuta kwenye Biblia yake. Ni wimbo wa mtu aliyeficha jambo, akasema kwamba aliponyamaza mifupa yake ilichakaa, akiugua mchana kutwa.

Nthambi akasoma mara mbili. Mifupa. Miaka sita Shosho alilia mifupa, na miaka sita Nthambi alimsugua magoti kwa dawa ya mafuta kabla ya kulala, akimwambia ni baridi ya Nairobi. Kwa hiyo alikuwa akimsugua siri hii. Alikuwa akiisugua kwa mikono yake bila kuijua. Mama aliyefiwa na mwanawe, anaishi nyumba moja na mtu pekee ambaye angelia naye, na hawezi kulia. Akafa akidhani ametubu.

Hakumsamehe papo hapo. Wanaosema msamaha huja kama mvua, wacha waseme. Lakini alikifunga kitabu taratibu kuliko alivyokifungua.

Jumapili haikuwa ya mwisho wa mwezi, ila wakati wa ushuhuda Nthambi alisimama. Watoto wa shule ya Jumapili wakatazamana, tayari kufuatisha.

"Bwana asifiwe," alisema. "Mmeniombea miaka kumi na zaidi mume wangu arudi. Hatarudi. Alikufa kitambo, na mimi nimejua Alhamisi. Sijui yale maombi yetu yalikwenda wapi, na msiniambie leo, maana sitawasikia. Mungu sijamwacha. Lakini wiki hii simwelewi, na nimeona niseme mbele yake kuliko nyuma yake. Mniombee. Na mumwombee mama yangu Waithera, alibeba mzigo mkubwa peke yake."

Akakaa. Hakuna aliyesema ameni. Mchungaji alisimama akaanza sentensi, akaiacha, akainamisha kichwa tu, na kanisa zima likainama naye.

Baada ya ibada Owiti alikuwa langoni, mahali alipoahidi kuwa. Alikuwa amesikia kama wote walivyosikia. Hakuuliza kitu. Nthambi ndiye aliyesema twende, wakatembea mpaka karakana yake, ambayo hata siku moja haikuwahi kufunguliwa Jumapili.

"Owiti, mimi ni mjane," alisema mlangoni. Alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo likiwa lake, na lilimkaa vibaya mdomoni. "Mjane wa miaka kumi. Na sijamlilia mume wangu hata siku moja, kwa sababu nilikuwa namngoja."

"Ndiyo, Mama Thera."

"Jibu lako nitakupa. Lakini nataka nilie kwanza. Sijui itachukua muda gani. Wewe una safari."

Owiti alitoa ufunguo, akafungua kufuli, akasukuma mlango. Akapangusa kwa mkono kochi moja ambalo lilikuwa bado mbao na sponji, akamwonyesha akae. Kisha akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake, akavuta kigoda na kukaa nje juani, mgongo ameegemeza mbao. Halafu kilio kikaanza kusikika kutoka ndani.

Alipita mwanamke aliyekuwa ameagiza viti vya sebuleni, akaona Owiti amekaa, akafurahi, akasema kumbe leo umefungua. Owiti akasimama. Akamwambia aje siku nyingine, leo hapa pana matanga. Mwanamke akashusha sauti, akauliza ni nani aliyefariki, na Owiti akamtajia jina la Wanyoike.